Utepe Uliokunjwa Kabla Baba Hajafika

Mama, Jumamosi hii mwaka unatimia tangu uliposema unaegemea cherehani upumzike kidogo, kisha hukuinuka tena.

Tulitaka kukuandikia kwa upole. Rasimu ya kwanza ilijaa maua, mdogo wangu akaichana. Ya pili aliisoma dada yako, Mama Mkubwa, akatupa miwani mezani: "Hii ni ya mtu yeyote. Mdogo wangu mimi simwoni humu." Hii ya tatu ina hasira. Hata wewe ulipokasirika ulianza na salamu, kwa hiyo shikamoo, Mama. Sasa tuseme.

Wateja walikuita Fundi Kesho, nawe ulicheka nao, maana nguo yako haikuwahi kuwa tayari siku uliyoahidi. Yupo bibi harusi uliyemmalizia pindo akiwa amesimama mlangoni, gari linampigia honi. Lakini mbio za mtaa hukuzichelewesha hata dakika moja. Miaka kumi na saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ulipuliza filimbi, awe mgeni rasmi amefika au bado anatafuta soksi.

Zilianza na wateja kumi na mmoja waliokuja kulalamika kwamba nguo zao zinabana. "Nguo haijapungua, dada zangu," ukawaambia. "Kesho asubuhi tukakimbie." Hiyo ndiyo kesho pekee uliyowahi kuitimiza. Mwaka uliofuata walikuja watu mia.

Njia uliipima mwenyewe kwa kamba, na kamba uliipima kwa futi yako ya kupimia nguo, ile ya kitambaa iliyokuwa imevutika kwa kazi. Alipokuja mwalimu wa michezo na kifaa chake, akagundua kwamba kilomita kumi zako zina karibu mita mia tatu za ziada. Watu wakaja juu, eti miaka yote hiyo wamekimbizwa bure! Hukutikisika. "Fundi mzuri huacha akiba kwenye pindo," ulisema, na mita zile zikabaki.

Kanuni yako ilikuwa moja tu: utepe wa kumalizia haukunjwi mpaka wa mwisho afike. Polisi wakifungua barabara saa tatu, uliuhamishia kwenye njia ya waenda kwa miguu, mtu huku na mtu kule, mkangoja. Wa kwanza alipigiwa makofi akaenda zake. Wa mwisho ndiye aliyechagua kitambaa kwenye kapu lako la vipande, nawe ukakishona kwenye utepe hapo hapo, kwa mkono, watu wamekuzunguka. "Wa kwanza anajijua," ulisema. "Huyu ndiye anahitaji kuambiwa kwamba amefika." Ndivyo utepe ulivyorefuka mpaka vipande kumi na saba, na kila kipande tunajua ni cha nani.

Kipande cha tatu, cha mirabamiraba ya njano, ni cha Katibu wa kamati ya mbio. Wakati huo hakuwa katibu wa chochote. Alikuwa kibonge mwenye duka la vifaa vya shule, aliyefika saa nne kasoro robo na kiatu kimoja mkononi, analia. Ulimngoja. Ulimshonea. Ukamfundisha kuandikisha watu, kupanga meza za maji na kuomba kibali. Kwenye mazishi yako ndiye aliyeshika kipaza sauti akasema kila ulichoanzisha kitaendelezwa. Tulimwamini, tukalia naye.

Wiki tatu zilizopita mbio zilikimbiwa bila wewe. Picha yako waliichapa kwenye fulana, kubwa, mgongoni. Tulifurahi sana. Hatukujua kwamba umevikwa kilemba cha ukoka.

Na Baba aliandikisha jina. Ndiyo, Baba! Dereva mstaafu wa lori, aliyekaa miaka kumi na saba kwenye meza ya maji akisema mtu mwenye akili hukimbia akifukuzwa tu. Alipewa namba 212. Kwa miezi mitatu alizunguka uwanja wa shule kila asubuhi na goti lake bovu, kisha anakuja kukaa kwenye kiti chako pale dukani, anapangusa vumbi kwenye cherehani. Tulipomuuliza kwa nini anajitesa alisema, "Nilikuwa nampa maji kila mtu. Lakini kule anakosimama mama yenu sikuwahi kufika."

Kilomita ya nane, kwenye ukuta mrefu wa kiwanda, goti liligoma. Hakutoka njiani. Alitembea akishika ukuta, mdogo wangu akimfuata nyuma kwa baiskeli kwa sababu mzee alikataa kushikwa mkono. Alifika saa tatu na dakika kumi na nane. Utepe haukuwepo, Mama. Viti vilikuwa vinapakiwa kwenye gari, watu wanafagia chupa, na Katibu yuko kwenye kipaza sauti: "Tunawashukuru sana, mbio zimekwisha salama, wote wamefika."

Wote wamefika! Mumeo amesimama hatua ishirini kutoka kwake, namba kifuani, picha yako mgongoni, anatafuta pa kumalizia. Akamuuliza mfagiaji mmoja, "Mstari ulikuwa wapi?" Yule akaonyesha kwa ufagio. "Hapo hapo mzee, karibu na hilo pipa." Baba hakusogea. "Kama hakuna utepe, mimi sijafika," alisema, akageuka, akarudi kwa njia ile ile aliyojia.

Fadhila za punda ni mateke, hilo tunalijua. Lakini punda hajawahi kushonewa kipande cha njano.

Jumatatu yake mimi, kifungua mimba wako, nilimfuata Katibu ofisini kwake.

"Dada, kibali kilikuwa mpaka saa tatu," alisema. "Utaratibu ni utaratibu."

"Na njia ya waenda kwa miguu nayo ina kibali?"

"Siku hizi watu ni wengi. Tukianza kumngoja mmoja mmoja hatutaondoka pale."

"Wewe ulingojwa."

 Akainama, akavuta mfuko wa plastiki chini ya kabati. Utepe wako ulikuwa humo, umesokotwa pamoja na nyaya za spika. Nikauchukua. Hakusema samahani, nami sikumuaga.

Wapo wanaotushauri tufunike kombe mwanaharamu apite, eti mzee mwenyewe hajalalamika. Kweli hajalalamika. Namba 212 ameitundika juu ya cherehani chako, na anayemuuliza habari za mbio anajibiwa, "Bado niko njiani." Mama, wewe ungekubali? Mtu wa miaka sitini na tisa yuko njiani wiki tatu, na kamati nzima imelala usingizi. Sisi hatukubali, na hatutanyamaza ili wengine wajisikie vizuri ndani ya fulana zenye sura yako.

Kwa hiyo Jumamosi hii, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, filimbi yako itapulizwa na mjukuu wako wa kwanza. Ameng'oka meno ya mbele, utusamehe sauti. Baba ataanzia pale ukutani lilipogomea goti. Zile mita mia tatu zako, ambazo kamati ilizipunguza mwaka huu bila kutuuliza, tumezirudisha, na Baba ndiye aliyetushikia kamba. Sisi tutakuwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, na utepe hautashuka hata ikifika saa sita. Kila aliyewahi kuwa wa mwisho anakaribishwa kuushika. Katibu naye akija atapewa ncha moja. Aje na mikono miwili, kipaza sauti akiache.

Kitambaa Baba ameshachagua, na hakukitoa kwenye kapu. Ni cha lile gauni la bluu ulilojikatia mwenyewe miaka minne iliyopita, likabaki vipande kwenye droo kwa sababu kila mteja alikuwa mbele yako. Kila tulipokuuliza, ulijibu kesho. Tulimpinga Baba, tukamwambia hilo ni la kuhifadhi. 

"Mama yenu amewangoja watu wote," alisema. "Yeye nani alimngoja?"

 Kitashonwa Jumamosi, kipande cha kumi na nane, chenu nyote wawili.

Unakumbukwa na mumeo, Dereva, namba 212. Na wanao: mimi mwalimu, na mdogo wangu fundi baiskeli. Na mkweo muuguzi, aliyemfunga Baba goti na kumkataza asiende, akijua hatasikilizwa. Na dada yako Mama Mkubwa, ambaye sasa amesoma hii akasema, "Huyu ndiye." Na wajukuu zako watatu. Na wateja wako kumi na mmoja wa kwanza, tisa walio hai na wawili waliokufuata, ambao nguo zao bado zinabana.

Tutakukumbuka, Mama, mpaka wa mwisho wetu afike.