Uso Hauonekani Kwenye Kiti

4 Februari

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Huku tu wazima, ukiacha jicho langu la kulia, na ndilo nililobaki nalo. Daktari amenichoma tena sindano ya jichoni. Anasema ni maradhi ya uzee, maji yanavuja nyuma ya jicho, dawa iyakaushe. Hayakauki. Studio bado nafungua. Juzi nilimpiga mteja picha za pasipoti, akarudi amefura kwa hasira: kumbe alifumba macho kwenye zote, nami nilikuwa namsifu kwa kutulia. Nilicheka naye, ila moyoni niliumia. Njoo likizo hii nikuone.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, kazi za hoteli tu zinanichosha. Usikate tamaa. Nimesoma kwamba wengine hukawia kupata nafuu. Likizo nimeisogeza hadi mwisho wa mwaka, dawa iwe imeshafanya kazi, uniangalie vizuri badala ya kunibahatisha. Sindano usikose hata moja.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sikukosa. Wamebadilisha dawa, wakaongeza sindano, maji yako palepale. Daktari anasema kuna macho yanayogomea dawa, na langu ni mojawapo; ukaidi wa ukoo wetu umefika hadi jichoni. Sasa katikati ya kila ninachotazama pana doa jeusi. Mteja akikaa kwenye kiti naona mabega na masikio, uso hakuna. Naogopa, mwanangu. Usingoje mwisho wa mwaka.

Baba yako

2 Septemba

Shikamoo Baba,

Unaendeleaje? Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa najiambia dawa mpya haijapewa muda. Nimeomba ruhusa, nitafika mwisho wa mwezi. Bado unaona? Niambie kweli.

Mwanao

14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni jirani yetu fundi cherehani, mimi nasema tu. Daktari amesimamisha sindano, amesema angeniumiza bure. Studio nimefunga. Uso wako sitauona tena, na hilo limeniuma kuliko jicho lenyewe. Nilitaka nikutazame mara moja tu, nikukariri. Lakini njoo. Ukifika usisimame mbele yangu kama wateja wangu, nitaona doa tu. Kaa ubavuni. Huko pembeni bado naona kidogo, na shavu lako litanitosha.

Baba yako