Vidonge vya Kwenye Chai

Kitendawili, Nekesa: mapacha wawili mgongoni wanachuja maji bila kuonana. Ni figo, mjukuu wangu, na za mama yako zina shida.

Githeri iko kwenye sufuria. Funga mlango, mbuzi wasiile tena.

Leo daktari alisema saa nane watamdunga mama yako sindano, watoe kipande cha figo wapime. Akauliza kama amemeza aspirini, maana inazuia damu kuganda. Anaweza kutoka damu isikome. Mama yako akasema hapana. Mimi nikaona haya, nikanyamaza.

Huyo anaogopa vidonge kuliko nyoka, basi nilikuwa navisaga kwenye chai yake, mgongo utulie.

~~Usimwambie baba yako.~~ Mwambie.

Narudi hospitali sasa hivi kwa pikipiki. Nitamwambia: Ndiyo, daktari, amemeza wiki nzima. Mimi ndiye niliyempa.

Nyanya