Safari Hii Naomba Mwenyewe, Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii itakukuta huko Katavi, pengine ndiyo kwanza umetoka shambani, na najua utaisoma mwenyewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukisoma somo la kwanza kanisani Ushirombo bila kukwama hata kwenye yale majina marefu ya wafalme. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako hukaa mfukoni kwa shemeji, na shemeji akisikia neno moja, mji mzima umesikia. Ninayotaka kukwambia sitaki ayasikie mtu mwingine, na hata wewe naona haya kukwambia. Hapa ninapoandika nimegeuka dirishani, utadhani umekaa upande wa pili wa meza.

Tangu nimwoe Kabula wako, tumeishi mimi na wewe kama inavyotakiwa. Tukikutana njiani, mmoja anaacha njia. Sijawahi kukushika mkono wala kula mbele yako, jina lako silitaji, na choo cha nyumbani kwako sijawahi kukiingia. Mkwe anayejiheshimu hujibana mpaka arudi kwake. Wenzangu wote waliooa huko wanaweza. Mimi nikapata ugonjwa usiojua kujibana.

Nadhani unaikumbuka ile Pasaka tuliyowaleta mapacha uwaone kwa mara ya kwanza. Tumbo lilikuwa linanisumbua muda mrefu. Huku Geita nilikuwa nimeshatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikanywa na mizizi, na damu ilikuwa haikomi. Kwenye duara letu, lile shimo tunalochimba dhahabu upande wa Bulyanhulu, wenzangu walichoka kunipandisha juu kila mara kwa kamba. Mwishowe wakanishushia ndoo niwe nayo huko chini, na jina la utani ambalo kwenye barua ya mama mkwe haliandikiki. Nilicheka nao, maana ukikasirika jina ndiyo linakuganda. Lakini ilikuwa inaniuma.

Siku hiyo ya Pasaka, katikati ya chakula, tumbo lilinishika. Choo chako kilikuwa pale pale nyuma ya jiko, nami nikakipita mbio kama mwizi, nikaelekea shamba la muhogo. Sikufika mbali. Nilipokuwa narudi, suruali imeharibika na damu inaonekana, nikakuona unakuja na mzigo wa kuni. Uliacha njia, ukanipa mgongo, ukasimama hivyo hivyo na kuni zako kichwani mpaka nikapita. Hukugeuka. Jioni nilikuta ndoo ya maji ya moto nyuma ya nyumba, kipande cha sabuni, na khanga yako ya zamani imekunjwa juu ya jiwe. Nililia pale nyuma ya nyumba, mama, mtu mzima na ndevu zangu.

Ni baada ya hapo Kabula aliponiburuta hadi Mwanza, wakaniingiza kamera, wakaona utumbo mpana wote umevimba na una vidonda. Daktari alisema si amiba wala si kulogwa. Ni kinga ya mwili wangu yenyewe imeugeukia utumbo na kuupiga vita, na kwa nini inafanya hivyo bado hawajui vizuri. Wakanianzishia vidonge. Vikasaidia, vikaacha kusaidia. Ndipo wakanieleza habari za utafiti wao. Walikuwa wanajaribu kuchukua choo cha mtu mwenye afya, wakichuje, wakiingize kwenye utumbo wa mgonjwa, ili wale wadudu wazuri wanaoishi tumboni mwa mwenye afya wakatulize vita. Nilidhani daktari ananitania. Alikuwa hatanii, akaniambia nitafute mtu mzima ninayemwamini.

Nikatafuta. Kabula alikuwa ananyonyesha na ametoka kumeza dawa za kuua bakteria, wakamkataa. Kaka yangu alikubali, kisha akazima simu. Wenzangu wa kwenye duara sikuthubutu hata kuwagusia, maana lile jina la utani lingezaa watoto. Nilikuwa nimeshakata tamaa siku Kabula alipokupigia, mimi nikiwa nimeketi karibu, na sauti yako ikasikika yote hata kama hukujua. Ulisema, "Kitu chenyewe nakitupa kila asubuhi. Kama kinamfaa mtu, nimnyime kwa nini?"

Nilitoka nje. Nilizunguka mitaa ya Kalangalala mpaka viatu vikajaa vumbi. Nilikuwa nawaza kwamba mkwe asiyeweza hata kuingia choo chako sasa atabeba choo chako tumboni. Kwa mila zetu, sijui hata hilo kosa lina faini gani. Nadhani wazee hawakuliwekea faini kwa sababu hawakuota kwamba litakuja kutokea.

Ukaja Mwanza na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vyako vya kukausha, ukafikia kwa mdogo wako. Wakakupima damu, wakakupima kila kitu, daktari akasema tumbo lako wangependa wawaonyeshe wanafunzi. Kila asubuhi ulikuwa unafika na kile kiboksi cha choo walichokupa umekifunga kwenye kitenge kana kwamba umebeba mayai. Tulikaa kwenye korido ile, wewe benchi la huku, mimi benchi la kule, tumepeana migongo, hadi nesi akaja kuniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, mmegombana na mama?" Nikamwambia hapana, tunaheshimiana. Aliondoka anatikisa kichwa. Siku moja tu, huku umetazama ukuta, uliniuliza, "Baba Kulwa, umekula?" Nikajibu, "Nimekula, mayu." Nilikuwa sijala, nawe ukamwambia Kabula aniletee uji.

Walikuwa wametuambia mapema kwamba wagonjwa wengine watapewa kitu chenyewe na wengine watapewa maji ya chumvi yaliyotiwa rangi, na hata anayekuwekea hajui ni kipi, ili wapate kujua kama kinafanya kazi kweli au ni moyo tu wa mgonjwa. Lilinipita hilo. Moyoni nilijua nimepewa chako. Vipi isiwe chako, nami nilikuwa nakuona kila asubuhi na kile kiboksi?

Na nikapata nafuu, mama. Damu ikakata. Nikarudi duarani, nikaitupa ile ndoo mbele yao wote. Nikaanza kutamani mlenda, mimi ambaye Kabula alikuwa akipika mlenda nahamia kwa jirani. Nikawa naomba michembe. Kabula alicheka mpaka akakaa chini, akasema mama yake ameniingia. Mimi sikucheka. Niliona haya, na tangu hapo nikazidi kukukwepa. Ulipokuja kuwaaga wajukuu kabla hujahamia Katavi, nilijifanya nina kazi machimboni. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa kwa fundi baiskeli mpaka basi lako lilipoondoka, kwa sababu nilihisi ukinitazama tu utajiona ndani yangu.

Kabula aliniambia kwamba kabla hujaondoka ulisimama kwenye jumuiya ukatoa shukrani, ukasema Mungu amekutumia kwa jambo ambalo hutalitaja. Kwa hiyo ninachokuandikia sasa kinaniwia kigumu kuliko yote.

Ugonjwa umerudi. Ulirudi wakati wa palizi, taratibu, kisha kwa nguvu zote. Nilipofika Mwanza daktari aliniambia utafiti umefika mahali ambapo wanaruhusiwa kufungua siri, kila mtu aambiwe alichopewa. Mimi nilipewa maji ya chumvi. Ile nafuu, anasema, ugonjwa huu huwa unapumzika wenyewe, au pengine ni vile vidonge, au ni imani. Nikamuuliza na kile alichokuwa analeta mama kila asubuhi kilikwenda wapi. Akasema walichukua kidogo cha kupimia, kingine kikatupwa.

Nilitegemea nifurahi. Aibu yote ile niliyoibeba ilikuwa ya bure, sikuwa nimevunja mila yoyote, tumboni mwangu hamkuwa na mtu ila mimi mwenyewe na maji ya rangi. Hata hamu ya mlenda ilikuwa yangu. Badala yake niliketi kwenye lile benchi letu nikalia. Nililia kwa sababu hukuwamo. Nilikuwa nimekuzoea, mama, na sikujua. Nilikuwa naenda chini ya ardhi nikijiambia kwamba siko peke yangu, na ninaona haya kuliandika hili kuliko nilivyoona haya siku ya shamba la muhogo.

Sasa daktari anasema sisi tuliopewa maji tunaweza kupewa kitu chenyewe, tukitaka. Haniahidi kitu. Anasema bado ni utafiti, wako waliopona na wako ambao haikuwasaidia, na ugonjwa usipotulia watalazimika kuukata utumbo na kunitobolea tumbo nivae mfuko wa kupokea choo. Mwenye mfuko hashuki duarani, na mimi kazi nyingine sijui. Mchangiaji anaweza kuwa yule yule, lakini lazima aombwe upya na akubali kwa hiari yake. Nilimwambia Kabula akupigie. Akakataa. "Mara ya kwanza mama alijitolea mwenyewe, hata hukumwomba," akasema. "Safari hii fungua mdomo wako."

Basi nimefungua. Mama, naomba unipe choo chako. Nimeyaandika maneno hayo, nikayafuta, nikayaandika tena, na sasa nayaacha hapo. Safari ni ndefu kutoka huko, na najua mara ya kwanza ulikuja na kila ulichobeba kikatupwa. Ukiona imetosha, sitakulaumu, nitajua tu kwamba niliomba. Ukikubali, mwambie shemeji akupe simu halafu atoke nje. Nitageukia ukuta kama adabu inavyotaka, lakini nitapokea mwenyewe.

Wasalimie wote huko. Mapacha wanakuamkia.

Ni mimi mkweo,
Baba Kulwa