Maua Manne Mlangoni pa Zahanati

Zahanati ya Kijiji,
Dolni Brestak, Bulgaria.
9 Novemba

Mpendwa Dada Stanka,

Hamjambo huko Ujerumani? Mgongo wa shemeji Dimo umepoa, au bado anajifanya kijana? Mimi sina homa wala kikohozi. Upweke ndio hauna kidonge, dada.

Unanilaumu kwamba siji kuuguza wazee kwenye jumba lenye joto ulikonitafutia nafasi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Daktari haji tena tangu kiangazi. Muuguzi ni mimi, mfagiaji ni mimi, na kuni za jiko nachanja mwenyewe ndipo mgonjwa aweze kuvua koti. Kazi naipenda. Ila kutwa napima presha za watu, na jioni sina hata wa kumwambia nimechoka.

Basi Jumatatu nilikata shauri nije. Nikaandika tangazo kwamba naacha kazi, jina langu kwa herufi kubwa, nikalibandika mlangoni, nikarudi ndani kulia.

Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Karatasi yenye jina mlangoni, kwetu huku, si ni ya msiba? Haukupita muda nikasikia kwikwi nje. Kufungua, ni Bibi Zlata, yule jirani wa marehemu mama, na bakuli la ngano tamu ya matanga na maua manne. Nyuma yake wazee wamevua kofia.

"Ala! Kumbe u hai, mtundu we. Na ngano yangu nimeshapika." Hakuwa na miwani. "Sasa hiyo karatasi inasemaje?"

Nikasema nimekosea tu. Akaniangalia, akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akanifunga mashine ya presha kwa mikono yake mwenyewe.

"Sisi wote unatupima. Wewe nani anakupima?"

Kuisoma hajui, dada, lakini aliijaza upepo. Nililia mbele za watu wote.

Kisha akayatazama maua yake. Maua ya shufwa, mawili au manne, ni ya maiti, unajua mwenyewe. Akachomoa moja, akalitia kwenye moto wa jiko, akanipa matatu.

Nafasi ile mpe mwingine, nisamehe. Tangazo nimewashia moto. Usidhani upweke umeisha: jana jioni nimekula ngano ya matanga yangu, peke yangu mezani, na ilikuwa tamu.

Nibusie watoto, msalimie Dimo. Mungu awakinge na baridi ya ugenini.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,
Rumiana