Kamongo Aliyenifyonya

Jumapili, 14 Septemba 2025

Mfyonyo mmoja tu, kutoka chini ya matope makavu. Tangu jana unanifuata — kanisani, jikoni, hapa mezani.

Bibi yake Mokami, mwanafunzi wangu, aliinamisha kibuyu juu ya ardhi iliyopasuka, kando ya Mto Mara, akakigonga kwa ncha za vidole, kama matone ya kwanza. Tukatega sikio. Kule chini kamongo akadhani mvua imefika, akavuta hewa. Kama mtu anayenifyonya! Bibi akachimba hapo hapo. Samaki mzima, magamba, mapezi membamba kama nyuzi — na maji hakuna.

Wiki iliyopita, kwenye jaribio la darasa la sita, niliuliza samaki hupumua kwa kutumia nini. Mokami akaandika: "Wengi matamvua. Kamongo ana mapafu." Nikamkosesha. Chuo kikuu nilisoma habari za samaki hawa. Nilijua! Nikafuata mwongozo wa kusahihisha: matamvua tu.

Jumatatu, 15 Septemba

Mwongozo aliuandika Mwalimu Modestus wa taaluma. Nimemweleza. Akacheka taratibu, akauliza kama sasa mabibi wa hapa Nyamwaga ndio watatunga mitihani. Matokeo yameshajazwa: nafasi ya ufadhili wa shule ya bweni ni moja, Gift wa darasa hilo hilo ni wa kwanza, Mokami yuko nyuma kwa alama moja. Swali lile lina alama mbili.

Kisha akasema, "Madam Tabitha, barua yako ya kuombea ajira nitaisaini Jumatano. Tusiharibiane wiki."

Miaka miwili najitolea hapa. Nimesema asante.

Jumanne, 16 Septemba

Gift hajakosea. Ameandika nilichomfundisha — hilo ndilo linaniuma. Nikimpa Mokami haki yake, namnyang'anya mtoto aliyeniamini.

Mokami alibaki kufuta ubao. Samaki, amfibia, reptilia, ndege, mamalia — vyote vikawa vumbi. Akauliza kama kuna kundi la sita, la wenye uti wa mgongo wasioenea kwenye haya matano. Nikamwambia hapana, kamongo ni samaki kamili. Sentensi niliyowafundisha, kwamba samaki hupumua kwa matamvua, ndiyo ilikuwa fupi.

"Kwa hiyo mwalimu, nilipata?"

Nikajifanya natafuta chaki.

Jumatano, 17 Septemba

Gift nilimwita kwanza, kabla ya kengele. Nikamwambia kosa ni langu, na limemgharimu nini. Akainama kufunga kamba za kiatu. Halafu akauliza kama kamongo anauma.

Orodha mpya nimeibandika. Mokami juu. Chini nimeandika: Swali la nne, kosa ni la mwalimu. Nikasaini jina langu lote. Nakala imeshaondoka na bodaboda kwa afisa elimu kata.

Naandika nikiwa dirishani, ofisini. Barua yangu iko mezani kwa Modestus, haina sahihi. Mwenyewe amesimama mbele ya ubao wa matangazo, kikombe cha chai mkononi. Anasoma. Amerudia tena kutoka juu.