Laini Haikufa, Kulwa

Nsemulwa, Mpanda

Kwako Kulwa, pacha wangu,

Mwangaluka, dada. Nyie huko Shinyanga hamjambo? Miguu ya mama imepungua kuvimba? Mimi na binti yangu Neema tu wazima. Shemeji yako Festo naye mzima, kwa bahati yake.

Unakumbuka niliomba nafasi ya kusomea kompyuta Dar, mwaka mmoja. Mvua ilipokata reli, posta yote ikakwama Kaliua, nikawaomba chuo kwa simu wanijibu kwa barua pepe, kwenye ile kompyuta ya Linux aliyorudi nayo Festo kutoka masomoni. Unamjua alivyo nayo. Mgeni akija, inawashwa kabla hajapewa kiti.

Wiki ile ile mtandao ukakatika.

"Laini imekufa," akasema, miguu juu ya stuli. "Wasukuma wenzako na ng'ombe wao wameangusha nguzo kule Majimoto."

Majimoto na simu ya kwenda Dar wapi na wapi? Na kwa laini hiyo hiyo iliyokufa, jioni alimpigia mdogo wake wa Tabora wakabishana mpira!

Chuo walitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikangoja aende kazini, nikakaa mezani mwenyewe. Modemu, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na simu, ikapiga kelele zake, ikashika Dar vizuri tu. Nikaita kwa jina kompyuta ya huko inayotutunzia barua: kimya. Nikaiita kwa namba: ikaitika. Basi laini nzima, modemu nzima, ila mashine yetu imesahau kugeuza majina kuwa namba. Nikafungua faili linaloielekeza majina iyaulizie wapi. Mstari upo, lakini mbele yake kumewekwa alama ya #, na mashine ikiiona hiyo inauruka mstari wote.

Kulwa, alama hiyo haijiweki. Faili lile haliandikiki bila neno la siri la mwenye mashine, na humu ndani analo mtu mmoja.

Sikuhangaika kulitafuta. Nikaingia Dar kwa namba. Barua ya chuo ilikuwepo, nimepokelewa. Nikawajibu hapo hapo kwamba nakuja.

Aliporudi nikamuuliza, "Nani kaweka alama ile?"

"Kirusi hicho."

"Kirusi kimejuaje neno lako la siri?"

Akakohoa, akakagua dari kama fundi wa mabati. "Sasa wewe ukienda, nani atapika?"

Nilitegemea wivu, hata mwanamke mwingine. Kumbe ugali! Mtu mzima na shahada yake anailemaza mashine anayoipenda kuliko ndugu zake, kwa kuwa hajui kushika mwiko. Nilikuwa na hasira naye. Sasa naona hata hasira yangu hastahili.

Treni imeanza tena, tunakuja. Naomba Neema akae kwako nikiwa masomoni. Mama usimwambie kwanza, ataitisha kikao, na mimi sina la kujadili.

Mpe shikamoo yangu. Msalimie mjomba wa duka la baiskeli, na mkewe. Mumeo mwambie yeye bado namheshimu.

Leo nimefunga mizigo. Festo akaja mlangoni, nikadhani sasa atasema neno la maana.

Akauliza, "Pasi unaiacha?"

Nimemwachia.

Pacha wako,
Doto