Siku Saba za Biskuti

Alhamisi, 22 Februari 1951

Kanuni za mbwa zimetoka! Karatasi mbili, zimepigwa taipu, nimezibandika mwenyewe ukutani hapa kwenye boma la mbwa. Mke wangu Kornelia kaniona narudi nyumbani naimba, kaniuliza kama nimepandishwa cheo. Wapi! Ila nyama ya sumu basi. Basi kabisa.

Wazungu wa mradi wa karanga wanafunga mizigo, wanaondoka Nachingwea, mbwa wao wanatuachia sisi. Wale mbwa tisa wa Desemba sijawasahau. Walijipinda chini nusu saa, na aliyewarushia nyama ni mimi. Ndiyo maana nilimwandikia Bwana Mifugo barua tatu.

Sasa ni hivi. Kila mbwa akae siku saba, kivulini, ale. Mwenyewe akiacha neno, lifuatwe. Asipoacha, mbwa apewe mtu mwenye shamba. Wa kuuawa apewe maji kwanza, wenzake wasione, risasi moja, apige mtu aliyefundishwa.

Aliyefundishwa ni mimi peke yangu. Hilo sikulifikiria nilipokuwa naandika barua.

Bwana Mifugo kaonya: siku atakayokuta uongo kwenye daftari la mbwa, hata mstari mmoja, tunarudi kwenye sumu. Mwezi ujao wanaondoka Wazungu thelathini wengine. Na mbwa wao.

Jumamosi, 24 Februari

Saa kumi jioni kaja Bwana Miwani, fundi wa matrekta, na mbwa wake. Rangi ya biskuti iliyoungua, na jina ndilo hilo, Biskuti. Kaandika kwenye karatasi: auawe, asipewe mtu yeyote. Katia sahihi.

Nikakasirika. Mbwa mzima, meno yote! Nikamwuliza kwa nini. Akasema amewaona sokoni mbwa walioachwa, mbavu nje, wanapigwa mawe. Huyu wake afe ameshiba. Kisha akavua miwani, akalia. Mtu mzima, mbele yangu! Hasira zikaniisha, nikamwonea huruma. Nikamwambia siku saba ni za kila mbwa, akigeuza moyo aniandikie. Anakwenda Lindi kungoja meli. Kaacha soksi yake moja, mbwa ailalie.

Jumapili, 25 Februari

Baada ya misa nimepitia bomani. Biskuti hajui Kiswahili hata kidogo. Kaa! — ananitazama tu. Sidauni! — kakaa palepale. Basi mimi Protasi, niliyeishia darasa la sita, nashinda nikiongea Kiingereza na mbwa. Kornelia kacheka mpaka kashika mlango.

Jumanne, 27 Februari

Kaja mama mmoja kutoka Chiola, kwa miguu. Jina lake Mwanawetu, mjane. Nguruwe wamemmalizia mahindi, ngedere wanachimbua karanga, na analala shambani peke yake akipiga debe kuwafukuza. Anataka mbwa. Nina wawili tu, Biskuti na kikongwe mmoja asiye na meno. Wakati tunaongea ngedere kapita juu ya ua. Biskuti kabweka — ua wote ukatikisika! Mama kasema, huyuhuyu.

Nikamwuliza, wewe Mwislamu, mbwa utamweza?

“Wa kulinda shamba ruhusa, mwanangu. Ndani kwangu haingii. Akinilamba naosha mara saba, na udongo. Udongo Chiola tele.”

Ikabidi nimwambie habari ya karatasi, na kwa nini mwenyewe kaiandika. Kasema:

“Mwandikie. Mwambie mimi sirushi mawe.”

Jumatano, 28 Februari

Nimeandika. Kiingereza changu kibovu, lakini hilo la mawe nimeliweka kama alivyosema. Shaban, dereva wa lori, kaichukua barua asubuhi. Anamjua Bwana Miwani, atamtafuta Lindi na kurudi na jibu Ijumaa. Mama nimemwambia aje Jumamosi.

Kornelia jana usiku kasema ninajitesa bure. Andika kafa, mpe mama mbwa, nani atajua? Bwana Mifugo anahesabu risasi, nikamjibu. Basi piga risasi hewani, kasema. Na hii Kwaresima!

Sikulala vizuri. Maana nimeifikiria hiyo ya hewani. Nimeifikiria sana. Halafu nawaona wale tisa.

Ijumaa, 2 Machi

Mvua. Shaban hajarudi. Mmoja anasema kakwama kwenye matope huko Mtama, mwingine anasema kapita Ruangwa na daraja limekwenda na maji. Hakuna aliyemwona kwa macho.

Bwana Mifugo kapita. Kesho saa kumi siku saba zinatimia, atakuja mwenyewe kuona kazi na kutia sahihi.

Biskuti leo kajua neno “njoo”. Nimemwita mara moja tu, kaja mbio na soksi mdomoni. Imeniuma.

Jumamosi, 3 Machi

Mama Mwanawetu kafika kabla ya adhuhuri, na kamba ya katani mpya, kaisokota mwenyewe. Kakaa nje ya geti. Haulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Saa tisa. Lori hakuna. Bunduki nimeisafisha. Kikongwe nimemfungia nyuma ya stoo asione.

Saa kumi kasoro robo. Nimempa Biskuti maji. Kamaliza bakuli. Nimejaza tena.

Saa kumi na dakika tano. Bwana Mifugo kafika. Kauliza, bado? Nikamwambia bado anakunywa, bwana. Kaangalia bakuli, kamwangalia mama pale getini, kisha kaenda kuisoma karatasi ukutani, mstari kwa mstari, na kidole. Apewe maji kwanza. Haikuandikwa mabakuli mangapi.

Nilidhani atafoka. Kavuta kiti changu, kakaa, kawasha kiko.

Bakuli la nne. Naandika huku nimechuchumaa, daftari gotini. Mama kasimama. Anasikiliza upande wa barabara ya Lindi — kuna mngurumo, mbali. Lori, au mvua tena. Sijui. Kiko cha Bwana Mifugo kimezimika, hakuwasha tena.

Biskuti kashiba. Anageuza kichwa. Namsukumia bakuli. Dirinki, Biskuti, dirinki. Hataki. Basi kwa Kiswahili. Kunywa, baba. Kidogo tu. Kunywa